Mwiko Kwanza, Sanamu Baadaye

Mtumishi wa umma wa Tanzania anayestaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, au kwa lazima akifika 60, hupewa ushauri mwingi asioomba, na karibu wote unahusu kuku, bodaboda na nyumba ya kupangisha. Uchongaji hutajwa mara chache, na ukitajwa hutajwa kwa mpangilio uliopinduka: nunua gogo la mpingo, tafuta patasi, chonga sanamu, uzia watalii. Ukiufuata mpangilio huo, utaacha kabla ya msimu wa pili wa mvua. Ninachokushauri ni kinyume chake. Anza na vitu vya matumizi ya nyumbani, kwa mti laini uliokatwa uani kwako au kwa jirani, na kwa mwaka mzima wa kwanza usiuze chochote. Sanamu na mpingo vina nafasi yake, ila si mwanzoni. Sababu zake nitazieleza pamoja na namna ya kufanya, kwa kuwa asiyejua kwa nini anaanza na mwiko ataona anapotezewa muda.

Sababu ya kwanza inatokana na umri wenyewe. Mtu mzima hasemwi. Ukichonga kichwa cha tembo kikafanana na cha kiboko, wajukuu watasema kizuri, mkwe ataomba akiweke sebuleni, na aliyekuwa msaidizi wako ofisini atakupigia simu kukupongeza. Heshima hiyo ni njema kwa mambo mengine, lakini haimfundishi mchongaji. Mwiko hauna adabu hizo. Ukiwa na mpini mwembamba kupita kiasi, utavunjika kwenye sufuria ya ugali. Bapa likiwa nene, halitafika pembeni mwa sufuria. Usipoulainisha vizuri, mpishi ataulalamikia mkononi kabla hujaulizia. Kigoda kisicho sawa hutikisika. Bao lenye mashimo yasiyolingana hukasirisha wachezaji wanapochota kete. Anayejifunza bila shule, bila mtihani na bila bosi anahitaji kitu kinachoweza kumkatalia, na vitu vya jikoni na barazani hukataa kila siku bila kumwaibisha mtu mbele ya watu.

Sababu ya pili imo katika historia ya ufundi wenyewe. Tumezoea kudhani kwamba uchongaji wa Afrika Mashariki ni sanamu, kwa kuwa ndizo zinazopangwa kando ya barabara za watalii. Lakini Wakamba, kabla ya karne ya 20 kuwaletea soko la vinyago, walichonga vijiko na vigoda. Mutisya Munge wa Wamunyu nchini Kenya, anayetajwa kuwa chanzo cha biashara ya vinyago vya Wakamba, alifika Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akajifunza kwa wachongaji wa huko, akarudi kwao na ujuzi mpya juu ya mkono uliokwisha kuzoea mti. Wamakonde nao walikuwa na vinyago vya mapiko, na pia vikasha vya dawa na ugoro, vitana na vitu vingine vya kila siku. Mitindo maarufu ya ujamaa na shetani tunayoijua leo ilichipuka Dar es Salaam miaka ya 1950. Pwani, nakshi nzuri kuliko zote zimewekwa kwenye milango, makasha, viti na mbuzi ya kukunia nazi. Kwa hiyo ninapokupeleka jikoni sikushushi daraja. Ndiko wenye sifa walikoanzia.

Kuna anayeuliza kama mambo haya yana faida yoyote ya kiafya au ni maneno ya kuwafariji wazee. Ushahidi upo, ila usomwe kwa kiasi. Mwaka 2015 watafiti wa Mayo Clinic huko Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu 256 wenye miaka 85 na zaidi kwa takriban miaka 4. Waliokuwa wakichora au kuchonga tangu utu uzima wa kati hadi uzeeni walikuwa na uwezekano pungufu kwa asilimia 73 wa kupata udhaifu wa kumbukumbu na fikra unaotangulia ugonjwa wa kusahau. Kwa waliofanya kazi za mikono kama ufinyanzi, useremala na ushonaji, upungufu huo ulikuwa asilimia 45. Pingamizi lake ni la haki: huenda wenye akili timamu ndio wanaoendelea kuchonga, wala si kuchonga kunakowapa akili timamu. Utafiti wa kufuatilia watu hauwezi kulimaliza swali hilo. Ninachochukua mimi hapo ni kidogo lakini kinatosha: kazi inayodai jicho, mkono na mpango kwa pamoja haionekani kuwa na hasara kwa ubongo, na hasara zake kwa mwili zinajulikana na zinazuilika. Atakayekuuzia uchongaji kama dawa, mkwepe.

Pingamizi jingine ni kwamba kazi hii ina wenyewe, kwamba asiye Mmakonde wala Mkamba, wala mwana wa mafundi wa Lamu, anavamia. Munge anatosha kulijibu: alijifunza utu uzimani, ugenini, kwa watu wasio wa kabila lake. Kinachodai staha ni alama zenye maana ya ndani, hasa vinyago vya jando na unyago. Hivyo usiviige kwa kujipamba, na kama unavipenda, waulize kwanza wanaovitumia. Lipo pia swali la dini, ambalo waandishi wengi hulikwepa. Muislamu anayeona kuchonga umbo la mtu au mnyama hakumfai hana haja ya kuacha patasi. Sanaa ya mlango wa Zanzibar na Lamu imekua ndani ya swali hilohilo, na jibu lake ni maua, minyororo, mitende, mistari ya jometri na maandishi ya Kiarabu. Huo ni ulimwengu mpana kuliko sanamu za twiga, na kwa mikono ya miaka sitini una nafuu nyingine nitakayoieleza.

Sasa tuje kwenye mti. Tatizo kubwa la anayeanza ni kununua mbao ngumu, kavu na ghali, akaogopa kuziharibu. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, hukaa miaka 70 hadi 100 kabla ya kufaa kuvunwa, na hunyima patasi njia hata mikononi mwa fundi. Muhugu uliotegemewa na wachongaji wa Kenya umekatwa mno, na ndiyo maana wachongaji wengi wa huko wamegeukia mwarobaini, mwembe, mjakaranda na mgrivea, miti inayopandwa na watu na kukatwa bila kuumiza msitu wa asili. Wewe fuata njia hiyohiyo. Kila mtaa una mwembe unaokatwa kwa sababu umezeeka, au mfenesi ulioangushwa na upepo, na mwenye nyumba anafurahi ukimwondolea gogo. Kwa vyombo vya chakula tumia mwembe au mfenesi. Mwarobaini una uchungu na nyuzi zake hugeukiana, kwa hiyo uache kwa vigoda, fremu na vibao. Mtu ambaye maembe humwasha mdomoni aangalie utomvu wa mwembe mbichi, kwani unaweza kumwasha ngozi vilevile. Mnyaa usiuguse kabisa: utomvu wake ukiingia machoni unaweza kukunyima kuona kwa siku kadhaa. Na Kenya, msandali umelindwa kisheria tangu 2007, hata kama mtu atakuambia umeota shambani kwake.

Mti mbichi ni rafiki wa mstaafu. Hukatika kwa kisu, hautaki nguvu za bega, na kosa likitokea unachukua kipande kingine. Ubaya wake ni kupasuka unapokauka, na hapo wengi huvunjika moyo wakidhani wamepewa mti mbaya. Sababu yake haina siri. Maji hutoka haraka sana kwenye ncha za gogo kuliko ubavuni, na gogo la mviringo likibaki zima husinyaa kwa namna isiyolingana kuzunguka moyo wake. Kwa hiyo gogo likifika, lipasue katikati siku hiyohiyo ili moyo ugawanyike, kisha ondoa sehemu hiyo ya moyo kwenye vipande utakavyovitumia. Menya gome, kwa maana wadudu wa mbao na ukungu huanzia hapo, hasa kwenye mwembe. Paka ncha nta au rangi iliyobaki ya ukuta. Weka kivulini penye hewa, juu ya vijiti, si juani na si juu ya sakafu ya saruji. Mwiko uliouacha nusu, ufunge kwenye mfuko wa plastiki hadi kesho yake. Ukiusahau humo wiki nzima utaota ukungu. Mbao za kasha au kibao cha nakshi ni tofauti: hizo sharti zikauke kwanza, na kanuni ya mafundi ni takriban mwaka mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene. Anza kuzikausha leo ilhali unajifunza kwa mti mbichi.

Vifaa vichache vinatosha: panga au shoka dogo la kupasulia, msumeno, kisu kifupi chenye mpini mnene, patasi bapa, patasi mbili za mdomo wa mviringo, nyundo ya mti, kinoo na jiliwa la kubania kazi mezani. Seti ya vipande kumi na viwili ndani ya sanduku zuri ni mtego. Chuma chake mara nyingi ni laini na nusu yake hutaigusa. Mhunzi anayefua tezo na patasi kwa springi za gari atakupa chuma kinachoshika makali kwa bei ndogo. Tezo lenyewe liache kwa muda. Wachongaji huketi chini na kushika gogo kwa nyayo huku tezo likipita karibu na vidole; mwenye miaka ishirini na mitano ya mazoezi hufanya hivyo bila kufikiri, wewe usijaribu. Kaa kwenye kiti, kazi ibanwe na jiliwa, mikono yote miwili iwe nyuma ya makali. Tenga muda wa kunoa kila siku kabla ya kuanza. Makali butu ndiyo yanayokata watu, kwa sababu hukulazimisha kusukuma. Kipimo chake ni hiki: kata nyuzi za mti laini kwa kukingama, uso ukibaki unang'aa, endelea, na ukichanika, rudi kwenye kinoo kisha malizia kwa mkanda wa zamani wa ngozi.

Mwili nao una masharti yake. Vumbi la mbao limewekwa tangu 1995 kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani, hasa ya pua, kwa tathmini ya shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO. Anayetumia kisu kwenye mti mbichi hutoa maganda, si vumbi. Hatari huja na msasa na mashine. Hivyo piga msasa nje, ukiwa na barakoa, upepo ukitokea nyuma yako, na usiwaweke wajukuu karibu. Mwenye kisukari aliyepungukiwa hisia za vidole, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, amuulize daktari wake kwanza na avae glovu ya ngozi kwenye mkono unaoshika. Viungo vinavyouma asubuhi havikuzuii, ila funga kitambaa kwenye mpini uwe mnene, ufanye nusu saa, upumzike. Taa itoke upande wa kushoto kama unatumia mkono wa kulia. Mengi yanayoitwa mkono mzito kwa wazee ni macho yasiyoona mstari wa penseli.

Kuhusu mwalimu: mtafute, hata kwa siku chache. Mwenge jijini Dar es Salaam, Bagamoyo, Wamunyu, Mji Mkongwe wa Zanzibar na Lamu kuna mafundi wanaofanya kazi mbele ya macho ya watu. Kosa la wastaafu ni kununua kinyago kimoja na kutegemea kupewa somo kama nyongeza. Fundi anakula kwa saa zake. Mwambie wazi kwamba unataka kununua muda wake, mkubaliane malipo ya siku, umlipe jioni hiyohiyo. Na hapa pana jambo gumu zaidi ya patasi: fundi huyo huenda ana umri wa mwanao wa mwisho, nawe uliongoza idara yenye watu mia. Yeye atakuamkia shikamoo, nawe mwite fundi, kisha ufuate anachosema hata kama sababu hajaitoa. Mafundi wengi hawaelezi, huonyesha. Omba arudie polepole, uangalie kiwiko chake kuliko mikono, kwani nguvu hutokea huko. Usimwombe akumalizie kazi. Atakumalizia kwa heshima, nawe utarudi nyumbani na chombo kizuri na mkono uleule.

Mwiko wa kwanza utoke kwenye kipande kilichopasuliwa kwa shoka, si kwa msumeno, ili nyuzi zipite bila kukatika tangu ncha ya mpini hadi bapa. Hapo ndipo uimara unapotoka. Urefu wake uwe kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Chora umbo kwa penseli upande wa juu na upande wa ubavu. Kisha kumbuka kanuni moja inayotawala kazi yote ya kisu: kata kutoka penye upana kwenda penye wembamba. Ukienda kinyume, kisu huingia chini ya nyuzi na kung'oa kipande. Penye mpindo, shuka kutoka upande mmoja hadi chini, simama, kisha shuka kutoka upande wa pili. Ukishafanya miiko kadhaa, ingia kwenye upawa, na hapo geuza utaratibu: chimba shimo kwanza wakati kipande bado ni kikubwa na kinabanika, nje uchonge mwisho. Watu wa kupokea zawadi za miiko watakwisha mapema kuliko unavyodhani. Itakayozidi, ifanye kuni.

Baada ya hapo nakushauri bao. Bao la kiswahili lina safu 4 za mashimo 8, jumla 32, na kati yake nyumba mbili za pembe nne. Hakuna zoezi la patasi ya mviringo linaloshinda hilo, kwa maana unachonga jambo lilelile mara 32 na shimo la mwisho linakaa ubao mmoja na la kwanza, likionyesha ulikotoka. Tengeneza kipimo cha karatasi ngumu chenye umbo la nusu ya shimo, ukitumbukize kila mara. Kisha ndiyo nakshi. Nafuu niliyoahidi kuieleza ni kwamba nakshi ya mlango ni kazi ya ubao bapa: inabanwa mezani, haigeuzwigeuzwi, mapigo yake ni mepesi, na kina cha nusu sentimita kinatosha kuleta kivuli. Nakili kwa penseli ua moja kutoka kwenye mfaa, ule mti wa kati wa mlango unaofunika maungio ya mabawa mawili, ulichonge likiwa peke yake hadi likukae mkononi, ndipo uliunganishe na mnyororo. Kwanza kata mzunguko wa mchoro wima, baadaye punguza ardhi yake kuelekea mkato huo. Ukibadili mpangilio, majani ya ua yatabanduka. Mbuzi ya nazi yenye nakshi ya Lamu, inayokunjwa na kukunjuliwa, ni kazi ya mwaka wa pili.

Na fedha? Hili ndilo pingamizi zito, na sitalipuuza kwa kusema sanaa haina bei. Pensheni ni ndogo. Kikokotoo cha mafao cha Tanzania kiliweka mkupuo, yaani sehemu inayolipwa kwa pamoja mtu anapostaafu, kuwa asilimia 33 mwaka 2022, na hata baada ya nyongeza ya 2024 wengi hawakufika walikotarajia. Hiyo ni sababu ya kutoweka mkupuo huo kwenye mbao na mashine, wala si sababu ya kuanza kuuza haraka. Soko la vinyago vya watalii limejaa watu waliochonga tangu utotoni na kugawana kazi: huyu anatoa umbo, yule anapiga msasa, mwingine anapaka rangi ya viatu ili mti mweupe uonekane mpingo. Bei zao huwezi kuzishinda. Anayechonga ili auze wiki hii huchonga alichokwisha kukijua, kwa hiyo mkono wake hubaki hapo. Mtu anaweza kunijibu kwamba mtindo wa shetani ulikuzwa na soko, na ni kweli kwamba mfanyabiashara Mohamed Peera wa Dar es Salaam alinunua kutoka kwa mchongaji Samaki Likankoa na wenzake kazi ngeni ambazo wengine wangezikataa. Lakini huyo alikuwa mnunuzi mmoja mwenye subira, si meza ya barabarani. Kwako subira hiyo inalipwa na pensheni, hata iwe ndogo. Mwaka ukipita, uza karibu: bao kwa baraza la mtaani, kibao cha jina la nyumba, fremu ya picha ya harusi, kasha la kuhifadhia msahafu au Biblia. Mteja wa aina hiyo anakujua, na ataulizia ya pili.

Vyombo vya chakula visipakwe vanishi, kwani humenyuka na kuingia kwenye mboga. Viache vikauke kabisa, vipake mafuta ya nazi yaliyopashwa moto kidogo, ufute, urudie kesho yake. Kwa nakshi na makasha, nta ya nyuki iliyoyeyushwa ndani ya mafuta hayo hutoa mng'ao usiofunika nyuzi.

Ukifika hapo, na bado moyo unataka mpingo, mwombe fundi wako kipande kilichobaki cha ukubwa wa kiganja badala ya kununua gogo. Utaona sehemu mbili, ganda la rangi ya krimu na kiini cheusi, na vumbi lake linaweza kukuwasha ngozi, kwa hiyo barakoa na mikono mirefu ni lazima. Mti huo uko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, tangu 2017: kitu kilichokamilika ndani ya mzigo wenye mti usiozidi kilo 10 unaweza kumpelekea mwanao ughaibuni bila kibali cha mkataba huo, gogo huwezi. Ndani ya Tanzania usafirishaji wa mazao ya misitu unasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), na magogo halali husafiri na hati. Vijiji kadhaa vya Kilwa vimewahi kuvuna mpingo wa misitu yao wenyewe kwa uthibitisho wa FSC, ule wa uvunaji endelevu wa misitu, na huko ndiko kwa kuulizia kwanza. Anayekuuzia gogo usiku, kwa bei nzuri, bila karatasi, mrudishie.